Sura ya 7: Chachu Ndani ya Kiroba

Mtu aliyekulia Nyakatuntu, huku Kyerwa mkoani Kagera, hahitaji mwalimu wa kumweleza chachu ni nini. Ameiona tangu utotoni. Ndizi za pombe zinaivishwa, zinamenywa, zinakandwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka zitoe maji. Maji yale yanachujwa, yanatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa yalale. Usiku kucha yanatokota bila moto. Kukicha utamu umepungua, ukali umeingia, na kile ambacho jana kilikuwa kinywaji cha watoto leo ni rubisi.

Ninaanza na rubisi ingawa sura hii ni ya chakula cha kondoo, kwa sababu kinachoharibu saileji ya miwa, yaani lishe ya miwa iliyochachushwa bila hewa, ni kitu kilekile kinachotengeneza rubisi. Kimiminika kitamu kikifungiwa mahali pasipo na hewa, chachu zinakula sukari yake na kuacha pombe. Ndizi hufanya hivyo, asali hufanya hivyo, na juisi ya muwa ndiyo ambayo Wakikuyu wameitumia miaka mingi kutengenezea muratina. Anayekatakata miwa na kuishindilia kwenye kiroba bila kuongeza kitu amepika pombe, ingawa nia yake ilikuwa kuhifadhi lishe. Tofauti ni kwamba pombe hii hakuna mtu anayeinywa, na gharama yake inalipwa na kondoo.

Kiangazi, ambacho wazee wa Karagwe wanakiita ekyanda, kinashika kuanzia Juni hadi Agosti. Nyasi za vilimani zinakauka, nyingine zinaungua. Malisho ya wazi nayo si yale ya zamani. Watu wameongezeka, kahawa na maharage vimepanda juu ya vilima, wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 ikiwa tayari imejaa vijiji, na Ibanda, lililokuwa pori la akiba, tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa. Mwenye kondoo wanane hahami kutafuta majani. Anawafunga kamba kando ya kibanja, anawapa maganda ya ndizi na vipande vya mgomba, na anangoja mvua ya Septemba. Kondoo wetu wa mkia mnene hubeba akiba yake mkiani: mafuta ya msimu wa mvua yanakaa pale yakingoja shida. Ukitaka kujua kiangazi kimemfanya nini, usimtazame ubavuni alikofunikwa na manyoya. Shika mkia. Mwishoni mwa Agosti mikia mingi imebaki ngozi.

Na wakati huohuo bondeni, pale unyevu haukauki, muwa umesimama kijani.

Ni mmea wa ajabu huu. Nyasi nyingine nyingi zinapoteza thamani kiangazi kinapoingia, lakini muwa ndipo unapoongeza sukari. Kati ya kilo 100 za muwa uliokomaa, kama 70 ni maji. Katika 30 zilizobaki, sehemu inayokaribia nusu ni sukari tupu. Majani ya malisho kwa kawaida hayafikii sukari hiyo. Udhaifu wake ni mkubwa vilevile. Protini yake ni haba mno, yapata sehemu 2 hadi 4 tu katika 100 za uzito mkavu, ilhali vijidudu vinavyomeng'enya chakula katika tumbo kuu la mnyama anayecheua vinahitaji angalau 7 ndipo vifanye kazi. Vikikosa hiyo, nyuzinyuzi ngumu za muwa zinakaa tumboni siku nyingi bila kumeng'enywa. Kondoo anaonekana ameshiba, tumbo limejaa, wala hatafuti kingine. Na anakonda.

Kwa hiyo muwa peke yake haulishi kondoo, uwe mbichi au uwe saileji. Lazima upate nitrojeni kutoka mahali pengine. Jambo hili tulishike, tutalirudia.

Kabla ya kiroba, kuna swali ambalo vitabu vingi vya saileji vinaliruka: kuna haja gani ya kuuhifadhi muwa? Mahindi ya saileji yanakatwa kwa sababu yasipokatwa leo, baada ya wiki tatu ni mabua. Matete yanakatwa mapema kwa sababu yakikomaa yanakuwa kuni. Muwa hauna haraka hiyo. Unajihifadhi wenyewe ukiwa umesimama shambani, na unazidi kuwa bora kadiri jua linavyokaza. Wabrazili, ambao ndio wenye miwa mingi kuliko taifa lolote, wamewafundisha wafugaji wao wadogo njia rahisi kabisa: kata miwa ya siku hiyo, ikatekate, nyunyizia mchanganyiko wa sehemu 9 za yurea na sehemu 1 ya mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwa kiwango cha kilo 1 kwa kila kilo 100 za muwa mbichi, kisha lisha siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza kiwango kinakuwa nusu ili mnyama azoee. Kama una mikono ya kukata kila siku, sina sababu ya kukushawishi uchimbe shimo.

Ila hapa kwetu mikono ndiyo inayokosekana. Mavuno ya kahawa ya robusta yanaangukia miezi ileile ya kiangazi. Kila aliye nyumbani yuko kwenye mibuni au anaanika, na kazi ya kushuka bondeni kila asubuhi, kukata, kubeba mzigo mzito wenye maji sehemu 70, kupanda nao kilima na kukatakata kwa panga, inamwangukia mama au mtoto wa shule. Siku mbili inafanyika, ya tatu inarukwa. Tena wengine wanataka bonde liwe wazi wapande maharage au mboga, na moto wa kiangazi ukishuka kutoka kilimani hauulizi muwa ni wa nani. Kwa nyumba ya namna hii, kukata miwa yote kwa siku mbili za mwanzo wa Juni, pamoja na majirani, na kuifungia, ni akili nzuri. Ndipo viungio, yaani vitu vya kuongeza kwenye saileji, vinapohitajika.

Sasa nije kwenye ushauri unaonikera. Tumefundishwa, na kwa haki, kwamba ukitengeneza saileji ya matete uongeze molasesi. Matete yana sukari kidogo. Bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki wanakosa chakula, saileji inashindwa kuchachuka vizuri na inaoza. Molasesi inawapa chakula. Ushauri huo ukabebwa mzimamzima ukawekwa juu ya muwa, na kwa kuwa Kagera Sugar ya Missenyi iko mkoani humuhumu, ni rahisi mtu kufikiri kwamba gari likileta madumu ya molasesi tatizo limekwisha. Kumwagia muwa molasesi ni kumwongezea mlevi pombe. Muwa haujawahi kupungukiwa sukari. Tatizo lake ni sukari iliyozidi, na chachu zilizojaa juu ya maganda na majani yake tangu shambani.

Tatizo la pili ni la siri zaidi. Katika saileji ya kawaida tunasema, asidi ikipanda, wabaya wote wanakufa. Kwa bakteria wa kuozesha ni kweli. Kwenye muwa asidi inapanda upesi sana, ndani ya siku chache tu, na mtu akipima anafurahi. Lakini chachu haziogopi asidi ya laktiki. Zinaishi ndani yake kama samaki majini. Zinaendelea kula sukari, na kila zinapokula, karibu nusu ya uzito wa sukari inageuka hewa ya ukaa inayopotea: katika gramu 180 za glukosi, gramu 88 zinaondoka kama hewa. Nusu ya pili ni pombe, ambayo nayo sehemu yake inaruka siku unapofungua. Kinachobaki kirobani ni kilekile ambacho kondoo alikuwa hakitaki tangu mwanzo, yaani nyuzinyuzi. Umehifadhi makapi na kupoteza utamu.

Watafiti wa chuo cha kilimo cha Piracicaba nchini Brazili, ESALQ, ndio walioifuatilia hasara hii siku kwa siku. Mwaka 2005 kundi lililoongozwa na A. F. Pedroso lilichapisha jinsi chachu zinavyoongezeka kwenye saileji ya miwa isiyotiwa kitu, jinsi sukari inavyoporomoka na pombe kupanda ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kutokana na kazi kama hizo tunajua kwamba saileji ya miwa isiyo na kiungio inaweza kupoteza kati ya robo na karibu theluthi ya uzito wake mkavu. Kwa mtu aliyebeba miwa ile mgongoni kutoka bondeni, mzigo mmoja katika kila mitatu au minne umekwenda hewani.

Kiungio cha muwa, basi, kazi yake ya kwanza ni kuzizuia chachu. Kuna njia kadhaa, na hazina uzito sawa kwa mtu wa Nyakatuntu.

Ya kwanza ni bakteria wa dukani. Hapa pana somo zuri. Bakteria maarufu kuliko wote katika viungio vya saileji, Lactobacillus plantarum, anatengeneza asidi ya laktiki tupu. Kwenye mahindi anasifiwa, kwenye muwa mara nyingi hasaidii na pengine anazidisha pombe, kwa sababu asidi anayotengeneza ndiyo ileile ambayo chachu haziijali. Ndugu yake, Lactobacillus buchneri, ambaye tangu 2020 wanasayansi wamempa jina jipya la Lentilactobacillus, anageuza sehemu ya asidi ya laktiki kuwa asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki. Asidi ya siki inaziua chachu kweli. Ndiyo sababu Wabrazili walimpenda. Ila anafanya kazi polepole, anataka mwezi mmoja na nusu hadi miwili, na pakiti yake inataka ubaridi na bei ambayo mwenye kondoo wanane hana. Ninamtaja ili ukikutana na pakiti ya kiungio usiseme bakteria ni bakteria. Soma jina.

Ya pili ni chokaa. Nusu kilo hadi kilo moja na zaidi kwa kila kilo 100 za muwa inapunguza chachu na inalegeza nyuzinyuzi ngumu, jambo ambalo viungio vingine havilifanyi vizuri. Ninaiheshimu, lakini siipendekezi kwa kondoo. Kilo 1 ya chokaa katika kilo 100 za muwa inajaza chakula kalisiamu kupita mara kadhaa mahitaji ya mnyama, na muwa wenyewe una fosforasi kidogo sana ya kuisawazisha. Chokaa isiyozimwa inaunguza macho na mikono ya anayeichanganya. Na chokaa ya kupakia nyumba si lazima iwe safi kiasi cha kuliwa.

Ya tatu ni vitu vikavu: unga wa makopa, pumba za mahindi, mabua na maganda ya maharage yaliyopurwa. Vinafyonza majimaji, na majimaji yakipungua chachu zinapungua nguvu. Karagwe na Kyerwa zina maharage mengi kiasi kwamba baada ya kupura, marundo ya maganda huchomwa. Nyumba inayoyachoma maganda yale Juni na kununua pumba Agosti inatupa na kununua kitu kimoja. Lakini pumba na makopa ni chakula cha watu na kuku pia, kwa hiyo mimi ningevihifadhi vikavu nivichanganye siku ya kulisha, wala nisingevizamisha kwenye kiroba.

Ya nne ni yurea, na hii ndiyo ninayoisimamia. Inafanya kazi mbili kwa bei ya moja. Ndani ya kiroba inavunjwavunjwa na kutoa amonia, na amonia inazibana chachu. Ndani ya tumbo la kondoo nitrojeni yake inalisha vile vijidudu vilivyokuwa vinakufa njaa. Kilo 1 ya yurea ina nitrojeni inayolingana na karibu kilo 2.9 za protini. Majibu ya utafiti hayakuwa sawa kila mahali. Kuna majaribio yaliyoona pombe ikipungua sana na mengine kidogo tu. Hata pale ilipopunguza kidogo, ile kazi ya pili ilibaki: muwa ulitoka kirobani ukiwa na nitrojeni ambayo haukuingia nayo.

Tuchukue nyumba moja ya kufikirika, yenye kondoo wanane wa kilo 25. Mmoja anahitaji kama gramu 750 za chakula kikavu kwa siku. Nusu itoke kwenye saileji ya miwa, nusu itoke kwingine: malando ya viazi vitamu, maganda ya maharage, majani ya kaliandra au lukina yaliyopandwa kwenye mpaka wa kibanja. Nusu hiyo ya saileji ni kilo 1.3 hivi ya saileji yenye unyevu wake. Kwa wote wanane ni kilo 10 na ushei kwa siku, na kwa siku 90 ni karibu tani moja. Ukiruhusu hasara ya kawaida, kata tani moja na robo. Vinahitajika viroba kama 30 vya kilo 40, na kiroba kimoja kinakwisha kwa siku tatu au nne. Hiyo ndiyo sababu ninapenda viroba kuliko shimo. Shimo kubwa likifunguliwa kwa kondoo wachache, hewa inaingia, chachu zilizosinzia zinaamka, saileji inapata joto, ukungu unafuata, na unalisha kilichooza kwa mwezi mzima.

Kwa kila kiroba cha kilo 40 ninatumia gramu 180 za yurea na gramu 20 za SA, jumla gramu 200, yaani nusu kilo kwa kila kilo 100. Ni chini ya kiwango cha ng'ombe wa Brazili, kwa makusudi. SA ni kwa ajili ya salfa, ambayo vijidudu vya tumboni vinaihitaji pamoja na nitrojeni. Yurea iwe ile nyeupe tupu ya nitrojeni sehemu 46 katika 100, isiyochanganywa na kitu kingine. Iyeyushe kabisa kwenye lita moja ya maji. Muwa tayari una maji, hauhitaji mengine. Kata vipande visivyozidi sentimita 2, kwa sababu kondoo ana mdomo mdogo na anachagua, akikuta pingili kubwa anaiacha. Tandaza miwa kwenye turubai tabaka kwa tabaka, nyunyizia kwa kopo lililotobolewa, geuza, nyunyizia tena. Kisha shindilia ndani ya mfuko wa nailoni mzito uliotangulizwa ndani ya kiroba, kanyaga mpaka usisikie tena sauti ya hewa, na funga shingo kwa mpira wa baiskeli. Mpira huo unaruhusu hewa ya ndani kusukuma kutoka bila ya nje kuingia. Ukifunga kwa waya, mfuko unavimba na kupasuka usiku. Weka kivulini, mbali na panya, siku 45.

Hapa nipunguze mwendo, kwa maana yurea inaua. Kondoo aliyekula nyingi kwa mara moja anatoa mate, anatetemeka, anavimba tumbo, anayumba na anaweza kufa ndani ya saa chache. Ukiwahi, mnyweshe siki pamoja na maji mengi baridi, na mwite mtaalamu wa mifugo. Vifo vingi vinatokana na mabonge ambayo hayakuyeyuka, au maji ya yurea yaliyotuama chini ya hori, au mnyama mwenye njaa kali aliyepewa kiasi kamili siku ya kwanza. Kwa hiyo anza na konzi mbili kwa kondoo, ongeza kidogo kila siku kwa wiki mbili, na usiwahi kuwapa wakiwa na njaa: watangulie kula malando au majani. Wanakondoo wa chini ya miezi minne wasiguse kabisa, tumbo lao kuu halijakomaa. Nguruwe na punda vilevile. Soya mbichi isiwe kwenye chakula kimoja na yurea, kwani inaivunja haraka mno. Na nikiwa kwenye hatari, nitaje moja isiyohusu yurea: chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ng'ombe mara nyingi ina shaba, na shaba inayomfaa ng'ombe inamuua kondoo polepole kwa kujilimbikiza kwenye ini. Tafuta ya kondoo, au mpe chumvi ya kawaida.

Siku ya kufungua, weka saileji kivulini kwa saa moja kabla ya kulisha, amonia na pombe zipungue. Nusa. Ikikupiga harufu ya amonia kwa mbali na uchachu wa siki, umefaulu. Ikikupiga harufu ya rubisi, chachu zimekushinda. Usiitupe, ianike zaidi, lisha kidogo na ongeza majani ya mikunde. Penye ukungu, toa kipande chote na uzike.

Na kama huniamini, au jirani yako hakuamini, kuna jaribio ambalo halihitaji maabara. Kila kijiji cha kahawa kina mizani. Mwezi Juni jaza viroba viwili kutoka mzigo uleule wa miwa, kimoja na yurea, kimoja bila, kila kimoja kilo 40 kamili, na uandike tarehe na uzito kwenye kiroba chenyewe. Ndani ya kila kimoja kuna sukari ipatayo kilo 5. Chachu zikila theluthi mbili zake, hewa ya ukaa itakayotoroka ni zaidi ya kilo moja na nusu, na kwa kuwa mfuko haukuvuja maji, hakuna pengine uzito huo ungeweza kwenda. Baada ya siku 45, mkipeleka kahawa kupimwa, bebeni na viroba vile viwili. Vitundikeni kimoja baada ya kingine kwenye ndoano ya mizani, bado vimefungwa, na msome namba zake kwa sauti.